Pilau ya Mtaa wa Matanurini

Ajaye kuuliza njaa hapikiwi pilau.

Mmeisikia leo sokoni mkacheka, mkadhani ni maneno ya bahili anayeficha sahani yake. Sivyo. Kaeni vizuri, na atakayesinzia asinzie kwa adabu, asikorome. Methali hii ilizaliwa katika mji wa Kidungile, kando ya reli, kwa mwanamke mwoka mikate aliyeitwa Sikitu. Na ilizaliwa kwa majuto, kama methali nyingi zilivyozaliwa.

Sikitu alikuwa na tanuri alilorithi kwa mama yake, la matofali na udongo wa kichuguu, mgongo wake umevimba kama kobe. Mkate uliotoka humo ulikuwa na sifa ambazo zikitajwa zote mtasema babu ameanza. Basi itoshe moja. Treni ya mizigo haikuwa na ruhusa ya kusimama Kidungile, lakini ikifika usawa wa tanuri lile ilipunguza mwendo yenyewe. Dereva aliitwa makao makuu kujieleza. Akaapa kwamba breki hakuzigusa, ni magurudumu yalikuwa yananusa. Anayebisha akawaulize watu wa reli.

Mtaa mzima wa Matanurini ulikula kwa kazi hiyo. Wanawake walikanda kinyunya alasiri, wakakiacha kiumuke, na alfajiri mji uliamshwa na harufu kabla jogoo hajajikung'uta. Sikitu alikuwa amewasomesha wanawe kwa mikate. Hakujua kazi nyingine, na hakutaka kuijua.

Sasa, palikuwa na sheria ndogo moja ya halmashauri. Zamani, Kidungile ilipokuwa mji wa nyumba za nyasi, cheche za tanuri ziliruka zikateketeza nyumba nyingi. Wakubwa wakakaa, wakaandika: bomba la moshi la tanuri lolote la biashara lipite kwa urefu nyumba iliyo ndefu kuliko zote katika kata. Ilikuwa sheria ya watu wenye akili. Nyumba ndefu kuliko zote ilikuwa ghala la reli, na mabomba ya Matanurini yakalipita kwa kiasi cha mkono mmoja. Cheche zikazimikia angani. Nyasi zikaondoka, mabati yakaja, na sheria ikabaki pale pale, haina wa kuilaumu wala wa kuikumbuka.

Ndipo tajiri mmoja wa mbao alipoanza kujenga hoteli ya ghorofa katika kata hiyo hiyo. Kila mwezi nguzo zilipanda. Siku moja Sikitu alisimama mlangoni, akaitazama hoteli, akalitazama bomba lake.

"Mungu wangu," akasema. "Hili jumba likiisha, bomba langu litatakiwa lifike wapi? Kwa malaika?"

Lakini hakukata tamaa, kwa kuwa wakubwa wale wale wa zamani walikuwa wameacha dawa. Walijua kwamba sheria huzeeka kama watu, tena nyingine huzeeka vibaya. Wakaagiza kwamba kila mwaka wa tano sheria zote ndogo ziitwe, zitazamwe usoni, ziulizwe: bado mnafaa? Na kabla ya kuziuliza zenyewe, afisa atumwe kwa wenye biashara ndogo awaulize ni ipi inawaumiza. Mwaka ule wa tano ulikuwa umefika. Afisa alikuwa njiani, jina lake Bwana Ligoha.

Wanawake wa Matanurini wakakutana kwa mwenyekiti wao, Mzee Kalembo, muuza kuni. Kalembo alikuwa mtu mwema, lakini alipenda shughuli kuliko inzi anavyopenda kidonda.

"Jamani, tumepata mgeni wa serikali," akasema. "Mila yetu mnaijua. Kidungile mgeni haambiwi shida akiwa na njaa. Ukimwambia, anaibeba njiani, nayo hurudi kwako imenenepa. Kwanza ale. Ashibe. Kisha Sikitu asimame aseme la mabomba."

Bi Nyamizi, mwoka mikate mkongwe, akakohoa pembeni.

"Huyo haji kula, Kalembo. Anakuja kuuliza. Mpeni maji, mwambieni yenu, aende zake."

"Bi Nyamizi wewe!" Kalembo akasema. "Kama kivuli kingekunjika, ungekikunja ukakiweka sandukuni, mtu asikikanyage bure!"

Watu wakaangua kicheko. Sikitu ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kicheko hicho alikuja kukilipia.

Basi ikawa shughuli. Mbuzi akachinjwa, mchele ukachambuliwa, viti vikaazimwa misikitini na kanisani. Kuta zilizokuwa nyeusi kwa moshi zikapakwa chokaa. Na kwa kuwa si heshima mgeni apuliziwe moshi machoni, matanuri yote yakafungwa siku ile. Turubai likatandwa upande wenye kivuli kizuri, mgeni akakalishwa mahali pa heshima, na mahali pa heshima palikuwa ni kuipa mgongo hoteli. Hakuna aliyekusudia. Walikuwa wanamtafutia tu upepo.

Sikitu alikuwa ameyapanga maneno yake. Siku nyingi aliyasema mbele ya kinyunya huku akikikanda, na kinyunya kilikuwa kinamwelewa.

Bwana Ligoha alifika, mtu mrefu, mpole, uso wa mtu anayesikiliza. Hata hajakaa akauliza, "Haya mama zangu, sheria zetu zinawaumiza wapi?"

"Kula kwanza, mheshimiwa," Kalembo akasema. "Maneno hayachachi."

Sinia ikashushwa. Pilau ile, wajukuu zangu! Mvuke wake ulipopanda, kunguru wawili waliokuwa wakipita juu walitua wakaomba kunawa. Bwana Ligoha akajaribu kujizuia, akashindwa kiungwana. Lakini hata akiwa anakula hakuisahau kazi yake. Sikitu alipoinama kumwongezea nyama, akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, hii sheria ya mabomba ya moshi, naiona ya zamani sana. Haiwasumbui?"

Hapo. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na kwa upana wake lori lingepita. Sikitu alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyakanda yakamjia. Akamtazama mgeni: mkono wake una mafuta, paji la uso lina jasho la raha, tonge liko njiani. Akamwona Kalembo akimkonyeza kutoka upande wa pili: bado, bado, mwache ashibe. Akaona aibu kumwekea mtu msiba juu ya wali.

"Hatuna la kulalamika, baba," akasema. "Tunaishukuru serikali. Hebu onja na hii ya mbavu."

Mgeni akaonja ile ya mbavu.

Alipokwisha kunawa, wingu lilikuwa limesimama upande wa mashariki. Dereva wake akaja kumnong'oneza kwamba mvua ikiwatangulia mtoni hawavuki. Kalembo akainuka mbio. "Mheshimiwa, bado Mama Sikitu ana maneno yake mawili!"

"Amekwisha kuniambia," Bwana Ligoha akasema, akicheka, mkono juu ya tumbo. "Ndugu zangu, nimezunguka wilaya nzima. Kote nimepokewa kwa vilio. Hapa peke yake nimepokewa kwa pilau. Watu wanaokula hivi hawana sheria inayowaumiza. Sitagusa kitu nikaja kuwaharibia."

Wakampigia vigelegele. Ndiyo, vigelegele! Wakamfungia na mikate ya moto ya nyumba kwa nyumba, iliyookwa jana yake na kupashwa. Gari likaondoka. Sikitu akabaki ameshika sinia tupu na maneno yake yote.

"Usijali," Kalembo akamwambia. "Tumemfurahisha. Mtu uliyemfurahisha hakusahau."

Kweli hakuwasahau. Aliwasifu mpaka makao makuu, na sheria ikapita kama ilivyo.

Hoteli ikaisha kujengwa. Wiki haikupita, bwana afya wa kata, kijana aliyeitwa Kitwana, akaja na kamba yake ya kupimia. Alikuwa amekula mikate ya Sikitu tangu hana meno. Hakuweza kumtazama usoni.

"Shangazi, bomba lako ni fupi."

"Kitwana mwanangu, bomba hili ulizaliwa ukalikuta."

"Najua. Lakini nyumba ndefu sasa ni ile pale. Sheria ndiyo inayosema, mimi ni mdomo tu."

"Si iangaliwe upya hiyo sheria?"

"Iliangaliwa, shangazi," Kitwana akasema taratibu. "Mwaka huu huu. Imeandikwa kwamba nyinyi wenyewe mlisema haina neno. Sasa ni mpaka mwaka wa tano tena."

Sikitu akaenda kuwaita wenzake.

Wakajaribu. Wakanunua mapipa ya mafuta, wakayatoboa, mafundi wakayaunga moja juu ya jingine na kuyafunga kwa nyaya. Bomba likapanda, likapanda, mpaka moshi ukaanza kupotea njia humo ndani. Ulikuwa ukiingia Jumatatu unatoka Alhamisi. Korongo mmoja akajenga kiota kileleni na kuanza kuwadai wenzake kodi. Lakini lilifika. Kwa muda mfupi Sikitu alioka tena kwa mujibu wa sheria, na watu walikuja kutoka mbali kulitazama bomba, wengine wakasahau kununua mkate.

Kisha ukaja upepo wa kiangazi. Bomba likayumba, likalia kama ng'ombe, likalala. Halikumwumiza mtu, ashukuriwe Mungu. Lilianguka juu ya mgongo wa tanuri, na mgongo ule uliokuwa umestahimili moto wa mama na wa binti ukapasuka vipande viwili.

Hapo utani unaisha, wanangu. Sikitu alikaa juu ya matofali yale mpaka jua likazama, na hakuna aliyemsikia akilia. Wenzake hawakujaribu tena. Mmoja mmoja walifunga. Bi Nyamizi alirudi kijijini kwao akafia huko. Wengine wakaajiriwa kuosha vyombo katika hoteli ile ile. Mikate ikaanza kuja kwa lori kutoka mjini, imefungwa kwenye nailoni, ile ukiibonyeza inanywea, ukiiachia inainuka kama godoro. Sikitu akapata kisanduku cha mbao, akawa anaiuza hiyo kando ya stendi. Mtu akimwuliza kama ni mitamu, husema, "Ni laini." Uongo hakuuweza.

Mwaka wa tano ukafika. Bwana Ligoha akarudi Kidungile, mvi zimemwingia. Njiani alikuwa amemsimulia dereva wake mpya habari za mikate ya huko. Akaenda Matanurini, akakuta vichuguu vya matofali na majani yameota. Akauliza, akaelekezwa stendi.

"Mama Sikitu?"

"Karibu, baba. Kaa hapo kwenye ndoo, viti sina."

Akakaa. Akakitazama kisanduku, akaitazama mikate ya nailoni. Akasimuliwa yote, la bomba na la upepo.

"Lakini mama, mimi nilikuuliza," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, si ya anayegomba. "Nilikuuliza sheria hiyo hiyo, kwa jina lake. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza, baba. Ila mdomo wako ulikuwa umejaa pilau, na wangu umejaa adabu. Vyote viwili nilivipika mimi."

Bwana Ligoha akainamisha kichwa. Sheria ile aliifuta. Haikumtoa hata jasho. Maneno machache tu, nayo ikaondoka kama mgeni asiyeagwa. Hilo ndilo lililomwuma Sikitu kuliko tanuri lenyewe: kwamba lilikuwa jambo jepesi hivyo. Watu wakamwambia, "Sasa jenga upya!" Akawaonyesha mikono yake, vidole vimekauka na kupinda, haviwezi tena kukanda hata unga wa uji.

Ila turudi siku ile pale stendi: kabla afisa hajanyanyuka kwenye ndoo, harufu ilipita. Karafuu, bizari, nyama. Sikitu akageuka. Mabinti wakaanga mihogo wa pale stendi, ambao nao walikuwa na sheria yao ya kuwatesa, waliokuwa wakifukuzwa kila wiki kwa kukosa choo ambacho halmashauri yenyewe haikuwahi kujenga, walikuwa nyuma ya kibanda. Wamekopa mchele. Sufuria limefunikwa, kuni zinawaka. Mmoja alikuwa amevaa khanga mpya.

Sikitu akaenda polepole. Akashika sufuria kwa khanga yake, akalitegua jikoni, akaliweka chini, akamwaga maji kwenye kuni mpaka zikafoka moshi ukawaingia wote machoni.

"Bibi! Mbona unatuaibisha?" mabinti wakalia. "Mgeni wa watu atakula nini?"

"Atakula mtakayomwambia," Sikitu akasema. "Amekaa pale kwenye ndoo, tumbo tupu, masikio wazi. Nendeni hivyo hivyo mlivyo, na masizi yenu. Mwambieni mnavyofukuzwa. Mwambieni yote. Akiondoka, hiki chakula tutakula sisi."

Wakasitasita, wakatazamana. Na yeye akawasukuma mgongoni, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia neno ambalo mji wote ulilishika, mpaka leo hii limefika kwenye masikio yenu:

"Nendeni, wanangu. Ajaye kuuliza njaa hapikiwi pilau."