Jina la Mtoto wa Siwema

Hapo zamani za juzi tu, kabla Kigamboni haijapata daraja, mvua ilinyesha Dar es Salaam siku nne mfululizo. Siku ya nne, mchana, Siwema akashikwa na uchungu. Mimba zake mbili za mwanzo ziliharibika. Hii ya tatu mkunga akamwambia, "Mtoto amekaa vibaya, bila upasuaji hatoki. Vuka mjini sasa hivi."

Madereva wote walikuwa wameegesha, maana barabara ilikuwa mto. Akakubali mmoja tu, Mzee Ngonyani wa teksi.

"Baba, tutapita kweli?"

"Tutapita, mwanangu."

Maji yakaingia ndani ya gari. Gari likakohoa, likaenda, likakohoa, likaenda. Kivukoni likazima, na halikuwaka tena.

Lakini pantoni lilikuwa limeshaondoka, liko katikati ya maji. Mzee akavua shati, akalipunga, akapiga kelele, "Mzazi! Mzazi huku!"

Nahodha Shekue akaona. Kurudi katikati ya safari kulikatazwa. Akasimamisha chombo. Kisha pantoni lile kubwa, na watu wake mia nane, na malori yake, likaanza kurudi. Hakufoka hata mtu mmoja. Walisogea wenyewe, wakafungua njia, Siwema akapandishwa, wakavuka.

Ng'ambo palikuwa na basi moja tu, limejaa.

"Dada, hospitali si njia yangu," dereva akasema. "Nina watu sabini humu. Niwaweke wapi?"

Kwenye kiti cha nyuma akasimama Chande, mtu anayetembea kwa magongo mawili. Akashuka ngazi moja moja, akasimama kwenye mvua. Akashuka mama mmoja. Wakashuka wawili. Wakashuka wote sabini. Dereva akafuta macho, akawasha taa, akaondoka mbio.

Mtoto wa kiume akatoka hai. Daktari akasema, "Mngechelewa robo saa, tungewakosa wote wawili."

Siku ya saba Siwema akawaita wale watatu. "Mtoto ni mmoja na jina ni moja," akasema. "Nataka achukue la aliyemleta duniani."

Mzee Ngonyani akasema, "Ningeegesha kama wenzangu, ungefia nyumbani. Gari lile ndilo lililonilisha miaka ishirini."

Shekue akasema, "Mzee, wewe ulimfikisha kwenye maji. Mimi nilikuwa na roho mia nane mkononi, nikazirudisha zote kwa ajili ya moja."

Chande akasema, "Mimi sikuwa na gari wala chombo. Nilikuwa na kiti. Nilipokiacha, wenzangu wote wakaacha vyao. Lile basi lingeondokaje?"

Siwema akamtazama huyu, akamtazama yule, machozi yakamtoka. Haya, nyinyi mlionizunguka hapa: mngekuwa nyinyi ndio mama yake, mtoto mngemwita nani? Ngonyani, Shekue, au Chande?