Fisi Waliofundishwa Kutocheka

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wanasemezana kabla ya kulana, kiangazi kiliingia Nyika ya Juu, nchi ya Mfalme Simba, kikakataa kuondoka. Bwawa la mfalme likawa tope, tope likawa nyufa. Ng'ambo ya korongo, kwa Nyati, chemchemi ilikuwa bado inatoka maji. Nyati hakuwa mchoyo. Alimruhusu kila mnyama anywe kwa sharti moja tu: foleni. Aliyetangulia kufika alitangulia kunywa, awe tembo au panya.

Simba alikwenda huko mara moja. Akajikuta nyuma ya Digidigi, kijinyama kisichomfikia hata gotini, naye Digidigi alikuwa anakunywa taratibu kama anayeonja mchuzi. Simba alisubiri, akapiga miayo, kisha akageuka na kurudi kwake na kiu yake.

"Afadhali nife," aliwaambia wakuu wa baraza, "kuliko kungoja mkia wa Digidigi uniondokee mbele ya pua."

Mshauri mkuu wa baraza hilo alikuwa Sungura. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapakuwa na kichwa kama chake kutoka korongoni hadi milimani, na masikio marefu alipewa ili akili iliyozidi ipate pa kukaa. Nyumbani alikuwa na mama mzee ambaye kiu ilikuwa inammaliza. Sungura alimpenda mama yake kuliko kitu chochote duniani, ukiacha sauti yake mwenyewe. Siku hiyo vyote viwili vilimsukuma asimame.

"Mtukufu," alisema, "mfalme wa kweli hapigani. Hupiganiwa."

"Na nani?"

"Na Fisi."

Baraza zima liliangua kicheko. Nani asiyeijua kasoro ya Fisi? Akinusa nyama hucheka, akiiona hucheka, akiikosa hucheka vilevile. Kicheko chake hufika kabla yake, na wanyama wote wa nyika waliishi kwa kukitegemea. Sungura mwenyewe alilelewa hivyo. Mama yake alimfundisha kwamba kabla ya kutoka shimoni, simama, tega sikio. Ukisikia kicheko, rudi ndani. Usiposikia, nenda kale.

"Nitawafundisha kunyamaza," alisema Sungura.

"Fisi?"

"Fisi, Mtukufu. Nipe siku saba."

Chini ya mgunga mmoja, Sungura aliwapanga fisi thelathini mstari mmoja, akampa kila mmoja kijiti.

"King'ateni," aliwaamuru. "Msikiteme mpaka mmeshayafikia mawindo. Anayeng'ata hawezi kucheka. Ni jambo jepesi, ila halijawahi kumjia mtu mwingine akilini."

Kisha akaanza kuwachekesha ili kuwapima. Siku ya kwanza vijiti vyote viliruka. Siku ya tatu vilianguka kumi. Mkubwa wao, Fisi Mkuu, mwenye tumbo lisilojua sikukuu wala msiba, alimwita Sungura pembeni.

"Mwalimu, malipo yetu ni nini?"

"Maji ya ng'ambo ni ya mfalme. Nyama ya ng'ambo ni yenu."

"Na nyama ikiisha?"

"Haitaisha," alijibu Sungura, upesi kama anavyojibu yeyote asiyelifikiria swali.

Siku ya saba ilikuwa ya mtihani. Sungura aliwasimulia habari za mfalme mmoja aliyeona heri afe kwa kiu kuliko kusimama nyuma ya Digidigi. Mbavu za fisi zilitikisika, machozi yakawatiririka, lakini hakuna kijiti kilichoanguka. Sungura alifurahi hata akajipigia makofi mwenyewe, kwa kuwa wengine walikuwa na vijiti midomoni.

Barazani shughuli hiyo ilipewa jina zuri: Msaada kwa Majirani. Ilichukua siku tatu. Nyati alipoteza ndama watano ndipo akakimbilia milimani na waliosalia. Simba akanywa peke yake mpaka akashikwa na kwikwi. Sungura alipata ruhusa ya kunywa mara tu baada ya mfalme, na kila asubuhi alimletea mama yake maji ndani ya ganda la yai la mbuni.

"Maji matamu haya," alisema mama. "Na wale waliokuwa wakiyanywa wako wapi?"

"Wamehama, mama."

"Wote?"

"Wengi," alisema Sungura, akabadilisha mazungumzo.

Haukupita mwezi, Mama Digidigi akavuka korongo peke yake na kuja barazani. Ndiye yule yule aliyekuwa mbele ya Simba kwenye foleni, ila sasa alikuwa amekonda hata mifupa inahesabika. Sungura ndiye aliyetumwa kumpokea, maana wageni wa namna hiyo mfalme hakuwa na nafasi nao.

"Mume wangu ameliwa," alisema. "Na wanangu wawili. Tulikuwa kwenye kichaka chetu, jua la mchana, tumetega masikio kama kawaida. Sikusikia kitu, Bwana Sungura. Sikusikia kitu kabisa."

Sungura alikuwa na maneno tayari. Aliyatunga mwenyewe, tena aliyaonea fahari.

"Mfalme anasikitika sana, mama. Ila fisi hao si wa kwetu. Na pengine mlikuwa mmekaa mahali pasipofaa."

"Tulikuwa nyumbani."

"Ndiyo hasa," alisema Sungura, kisha akajisikia alivyosema, akatamani ardhi immeze. Kwa haraka akamletea mzigo wa nyasi kavu. "Mfalme anakupa pole."

Mama Digidigi aliutazama mzigo. "Sisi hatuli nyasi kavu. Tunakula majani ya vichaka. Hukuniuliza."

Akaondoka, mzigo akauacha pale pale. Usiku huo Sungura alilala vizuri, jambo ambalo baadaye lilimtia haya kuliko yote.

Ng'ambo, wasioliwa walihama, na waliobaki wakaliwa mpaka wakaisha. Fisi walikaa siku mbili wakitazamana matumbo. Siku ya tatu Fisi Mkuu akainuka, akaokota kijiti chake, akashuka korongoni. Wenzake wakamfuata bila kuuliza wanakwenda wapi.

Haukupita muda, swala wawili walipotea Nyika ya Juu. Kisha pundamilia. Simba akaitisha baraza.

"Isije ikawa ni fisi hawa," alisema.

Sungura akatabasamu, akasimama, akanyoosha masikio.

"Mtukufu, kama fisi wangekuwa upande huu, si tungewasikia wakicheka?"

Baraza likakubali kwa sauti moja. Wengine walisema ndiyo maana mfalme anahitaji mshauri msomi. Hakuna aliyekumbuka vijiti, wala yule aliyevigawa. Alikuwa amewafundisha fisi wote, ila yeye mwenyewe hakujifunza chochote, na bado alikuwa akisikiliza kwa sikio alilopewa utotoni.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake amesimama mlangoni pa shimo, ametega sikio.

"Sisikii kitu," alisema mama.

"Basi nenda, mama. Pale kichakani bado kumebaki majani mabichi. Kumetulia kabisa."

"Una hakika, mwanangu?"

"Mama, mimi ndiye mshauri wa mfalme."

Mama akacheka, akamgusa shavu, akaenda. Alitembea polepole, akisimama kila hatua chache kusikiliza kama alivyofanya maisha yake yote. Sungura alimtazama kutoka mlangoni. Akaona majani yakitikisika pasipo upepo, kisha akaona kijiti kikianguka. Alikitambua. Alipiga kelele "Mama!" lakini mguu wa mzee hauna haraka, na fisi alikuwa amefundishwa vizuri.

Sungura alilia mchana kutwa. Maneno aliyoyatunga kwa ajili ya wafiwa hayakumsaidia hata moja. Alimkumbuka Mama Digidigi aliposema hakusikia kitu, na jinsi yeye, Sungura mwenye akili, alivyodhani kwamba hiyo ni hoja dhaifu.

Siku chache baadaye fisi thelathini walimzunguka Simba mwenyewe. Alinguruma kwa kiburi chake chote, nao wakamtazama tu, kimya, vijiti midomoni. Aliponyoka akiwa ameacha nyuma nusu ya mkia.

"Nani aliyewafundisha hawa?" aliuliza akihema mbele ya baraza.

Wakuu wote wakageuka kumtazama Sungura.

"Mjanja mmoja, Mtukufu," alisema Sungura. "Mjanja kupita kiasi. Ametumaliza sote."

Hapo ikawa kila mmoja na miguu yake. Simba na Sungura walivuka korongo wakapanda milimani walikokimbilia majirani zao, wakamkuta Nyati amesimama njiani, pembe chini.

"Nimekuja kuwakagua," alisema Simba, akijaribu kuuficha mkia.

"Mnafukuzwa na nani?" aliuliza Nyati.

Simba akatazama mawingu, ambayo hayakuwepo. Sungura alijua kuwa mfalme angeweza kukaa hivyo mpaka masika. Akasogea mbele. Nyuma ya Nyati alimwona Mama Digidigi. Angeweza kudanganya. Uongo wa papo kwa papo haukuwahi kumpiga chenga.

"Mimi ndiye niliyewafundisha fisi kunyamaza," alisema. "Ndama zako, Nyati, ni kazi yangu. Mumeo na wanao, mama, ni kazi yangu. Na mama yangu mzazi nilimtuma kwao kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mama Digidigi alimtazama muda mrefu. Hakumpa pole, wala hakumtukana.

"Basi, Bwana Sungura," alisema mwishowe, "fisi watafika huku nao. Nina mtoto mmoja aliyebaki. Wewe ndiye mwenye akili. Tufanyeje ili wacheke tena, tuwasikie wakija?"

Wanyama wote wakasogea. Simba naye akasogea, kwa maana hata yeye alikuwa amezoea kuokolewa na jibu la Sungura. Sungura akafungua mdomo. Maishani mwake mwote ulikuwa haujawahi kufunguka ukakosa cha kusema.

"Sijui," alisema.

Akakaa chini vumbini, akijicheka na kulia kwa pamoja. Mama Digidigi akamvuta mwanawe ubavuni, wote wakatega masikio kuelekea bondeni, na bondeni kulikuwa kimya.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.