Kadi ya Chanjo ya Bwana Kalugira

Bwana Kalugira, tajiri wa mabasi, alifika mpakani na pasipoti mpya na ndevu ndefu zilizopakwa piko nyeusi. Kadi ya chanjo hakuwa nayo. Akamgeukia Nyamizi, muuza mbuzi, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni.

"We mama, lete kadi ya chanjo. Ukikataa, nawaambia wakubwa neno moja tu, na huvuki."

"Chukua, mheshimiwa," Nyamizi akasema, akimpa kadi iliyokunjwa. "Ila mtu wa hadhi yako hasomi mwenyewe. Husomewa."

Kalugira akampita, akaitupa mezani kwa ofisa wa mpaka. "Soma kwa sauti, wanijue!"

Ofisa akasoma: "Beberu. Mweusi, ndevu ndefu. Amechanjwa vizuri, anafaa kuchinjwa."

Nyamizi akatoa kadi yake mwenyewe. "Nipishe, beberu. Binadamu tunavuka."