Nyamizi Aliyemwita Mtani Wake Kilioni

Hadithi, hadithi.

(Ije, tumekaa!)

Ije na kigoda au ije na mkeka?

(Ije na mkeka, sote tuenee!)

Basi sogeeni. Wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, sitaki kushindana na meno yako.

Hapo kale, mlimani, aliishi mfinyanzi jina lake Nyamizi. Na bondeni, ng'ambo ya mto, aliishi mtani wake, Mwamvita. Mnaujua utani nyie? Ukifa, mtani wako ndiye anayekuja kuwachekesha waliofiwa. Anavaa nguo zako, anatembea unavyotembea, anatoa vituko vyako vyote mbele za watu, na hakuna wa kumkasirikia.

Wawili hawa walikua pamoja, maana Mwamvita alilelewa mlimani kwa shangazi yake. Walichimba udongo pamoja. Waliiba viazi pamoja. Walichapwa pamoja. Kisha Mwamvita akaolewa kwao bondeni. Kila mwaka akawa anasema, "Nitakuja," na kila mwaka haji.

Nyamizi akaugua tumbo. Mganga akamtazama, akamshikashika, akafunga mkoba wake.

"Mama, dawa yangu haifiki huko. Mvua zijazo hutaziona."

Binti yake, Kabula, akalia. Nyamizi akasema, "Mwanangu, kuna jambo linaniuma kuliko tumbo. Mwamvita atakuja kunichekeshea msiba, watu wote watacheka, nami nitakuwa udongoni sisikii kitu. Nataka nimwone kabla."

Kabula akavuka mto. "Mama mdogo, mama anaumwa, anakuita."

"Mwambie nikimaliza kuvuna."

Akavuka tena. "Mama mdogo, mama kazidiwa."

"Mwambie nikimaliza kupura."

Kabula akarudi na majibu hayo. Nyamizi akacheka kidogo. "Nenda kamwambie nimekufa."

"Mama, huo ni uchuro."

"Uchuro gani tena, na mganga keshafunga mkoba?"

Kabula akavuka mara ya tatu. Mwamvita aliposikia, aliuacha mpunga uwanjani, hata mlango hakufunga. Mnamwona? Kwa mgonjwa hana nafasi, kwa maiti anakimbia. Na msicheke, mnajijua.

Akafika. Nyamizi kalala, kafunikwa shuka gubigubi. Majirani walioambiwa siri wamejaa, wanajiuma midomo. Mwamvita akafuta machozi, maana utani ni kazi. Akajifunga kaniki ya Nyamizi, akainama, akanyoosha kidole.

"Kabula! Nani kagusa chungu changu? Na chumvi yote hii, mnadhani tunaishi baharini?"

Watu wakaangua kicheko. Ni Nyamizi mtupu.

"Huyu mnayemlilia," akaendelea, "tulikwenda naye kuiba viazi vya babu yake. Mzee alipotokea na fimbo, akajikojolea, akaniachia kapu."

Chini ya shuka ikatoka sauti. "Mwongo. Aliyejikojolea ni wewe."

Mwamvita akaangukia chungu, kikavunjika. Alipoinuka alimchapa Nyamizi kwa ile kaniki, huku analia. "Nimelia njia nzima, mwanaharamu wewe."

"Nilikuita nikiwa hai, hukuja."

Mwamvita akakaa kitandani, akamshika mkono. Baadaye sana akauliza, "Viazi vipo?"

Hakurudi bondeni. Mpunga wake ulikwisha kwa ndege, wala hakuuliza. Walichoma viazi. Waliimba nyimbo za unyago walizodhani wamezisahau. Nyamizi alipotaka kuliona tena shimo la udongo, Mwamvita alimbeba mgongoni, huku akimlalamikia uzito, na mwenzake alikuwa amebaki mifupa. Walicheka mpaka Kabula akawa anawanyamazisha kama watoto.

Bibi yangu akifika hapa alikuwa anachochea moto kwanza, hata kama unawaka vizuri.

Asubuhi moja Nyamizi hakuamka.

Kaburi likachimbwa. Watu wakamngoja mtani afanye kazi yake. Mwamvita akaja amevaa kaniki ileile, akaingia kaburini, akakaa.

"Hazikwi mtu hapa," akasema. "Huyu mwongo, namjua. Alinifanyia hivihivi."

Watu wakacheka sana.

"Nyamizi, amka. Viazi vinaungua."

Watu wakacheka.

"Nyamizi, sema basi kwamba nimeongopa. Aliyejikojolea ni wewe. Haya, nibishie."

Hapo hakucheka mtu. Mwamvita alitega sikio, akangoja, nao wakangoja naye. Jua likasogea, wala hakuna aliyemharakisha.

Mwisho akanyoosha mikono, wakamtoa. Akamtazama Nyamizi akiteremshwa, akachota udongo wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

"Mara hii umesema kweli," akasema, na akautia.

Hadithi yangu imefika mtoni.

(Ivushe!)

Imevuka, mimi nimebaki huku. Mwenye mgonjwa wake ng'ambo, mpunga auache, avuke.