Kesi ya Kiwavi Mbele ya Sultani Ghanimu

Hapo zamani, katika mji ambao sultani wake aliogopa sumu kuliko alivyomwogopa Mola wake, aliishi mpiga zumari jina lake Mbaruku. Meno yalipomtoka zumari ikamshinda, na wenye harusi wakamsahau. Basi yeye na mkewe Mwanakheri wakaamua kulima mboga, ingawa tangu babu wa babu zao hakuna aliyepata kushika jembe. Watu wa mji wakafurahi mno, maana walipata kichekesho cha bure: mume na mke walipanda mbegu jioni, na asubuhi wakazifukua kutazama kama zimeota. Ile dawa ya unga ya kuulia wadudu, ambayo Waziri Mahazi aliinyunyiza katika mashamba yake ya mboga, hawakuthubutu kuitumia, kwa sababu kuku wao aliidonoa akafa papo hapo. Wakatia samadi na majivu, na wadudu wakawaokota kwa mkono. Ikawa mchicha wao mtamu ajabu, hata mpishi wa sultani akaacha kununua kwa waziri.

Waziri akakosa usingizi kwa husuda. Akatwaa jani la mchicha wa Mbaruku, lenye tundu, akalipeleka barazani.

"Bwana wangu," akasema, "mtu huyu anakulisha makombo. Tazama, yuko aliyekula kabla yako."

Sultani Ghanimu akaghadhibika, akamwita Mbaruku. "Ni nani aliyethubutu kunitangulia katika chakula changu? Kesho umlete hapa amefungwa. Usipomleta, shamba lako ni la waziri."

Mwanakheri alilia sana aliposikia, kwani hawakuwa na kitu kingine duniani. "Mume wangu, tutamfunga nani?"

"Nipe uzi," akasema Mbaruku.

Kesho yake watu wakajaa barazani, na Mbaruku akaingia ameshika jani, na juu ya jani kiwavi mnene amefungwa uzi.

"Mwizi huyu hapa, Bwana wangu. Kiuno chake sikukijua kilipo, nimefunga kwa kubahatisha."

Watu wakacheka. Sultani hakucheka. "Waniletea mdudu?"

"Nimemleta aliyekula, kama ulivyoamuru. Nami naomba ahukumiwe kwa haki. Yuko mwingine humu anayekula kabla yako kila siku, mbele ya macho yako, na kwa kazi hiyo amenenepa hata mlango wa jikoni umepanuliwa. Mbona yeye hafungwi?"

Mtu mmoja mnene nyuma ya kiti cha enzi akainamisha kichwa.

"Yule ni mwonjaji wangu," akasema sultani. "Hula kwanza, nami nikimwona yu hai ndipo ninapokula."

"Basi huyu naye ameonja tangu juzi, na leo yu hai, anamtazama waziri. Wala mshahara hajaomba. Mboga za waziri, kweli, hazina tundu hata moja. Kila kiumbe alizikataa, Bwana wangu, ukabaki wewe."

 Sultani akaikumbuka miaka aliyokula ule mchicha mzuri wa waziri, akajishika tumbo. Akaamuru mchicha uletwe kutoka shambani kwa waziri, ukawekwa mbele ya waziri mwenyewe.

"Kula," akamwambia.

"Bwana wangu," akajibu waziri, "leo nimefunga sunna."

"Mola akupokelee," akasema Mbaruku. "Basi tungoje magharibi, ufuturu kwa mboga zako."

Hapo sultani akacheka, akasema na yeye atangoja. Wakakaa wote wakilitazama jua. Waziri akaomba ruhusa akatie udhu, akapewa. Hata muadhini alipopaza sauti, kilemba cha waziri kilikutwa kando ya birika, na mwenyewe hakuonekana tena katika mji ule.

Mbaruku na Mwanakheri wakabaki na shamba lao, wakaongezewa na la waziri. Na tangu siku ile sultani akawa akishuka jikoni mwenyewe, huinua mchicha jani moja moja kwenye mwanga, na lililokosa tundu huliweka kando kwa woga.