Wimbo wa Nne wa Pimbi

Haya, mmefika?
— Tumefika!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi yategeni vizuri, maana hadithi hii hata mimi mwenyewe inanichanganya.

Hapo kale Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye miamba, alitunga nyimbo nne mpya. Alizifanyia mazoezi mwezi mzima kwa ngoma aliyoachiwa na marehemu bibi yake. Sasa, mkaguzi wa nyimbo nchi ile alikuwa Fisi. Mwimbaji asipofaa, Fisi anachukua ngoma yake. Mnajua ngoma hizo alizifanyia nini? Alizila! Ngozi, kamba, kwacha kwacha kwacha! Na hakuna mwimbaji aliyewahi kufaa.

Lakini palikuwa na desturi. Anayeukataa wimbo lazima auimbe mwenyewe, wote wasikie ubovu wake, ndipo apewe ngoma. Na wimbo haujaisha mpaka mtunzi apige ngoma yake, ti!

Siku ikafika, wanyama wakakaa. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mavuno, mtamu kweli, wote wakatikisa mabega. Ti! Wa pili, Pimbi akakwangua sufuria kwa kucha. Krrrr! Krrrr!

"Huo nao wimbo?" akauliza Nungunungu.

"Ndiyo," akajibu Pimbi. Ti!

Wa tatu, akamlilia bibi yake, hata Kobe akafuta machozi. Ti! Wa nne, Pimbi akasimama wima, akanyamaza. Kimya. Nzi akapita, zzzz. Kimya.

"Amesahau maneno?" akanong'ona Kobe.

"Sijui, bwana," akasema Nungunungu. Ti!

Mimi pia sijui. Ufundi ule, au uvivu? Aliyemliza Kobe ndiye huyohuyo wa kukwangua sufuria!

Fisi naye akajikuna kichwa. Mtamu, mchungu, mtamu, halafu hakuna kitu. Akatae upi?

"Shikamoo, Mzee Fisi," Pimbi akasema. "Kataa wowote, ila wa nne niachie. Huo niliuharibu mwenyewe. Nakuomba sana, ngoma hii ya bibi yangu!"

"Kwa-ha-ha! Basi ni huohuo! Mbovu! Lete ngoma!"

"Uimbe kwanza!" wakasema wote.

Fisi akasimama, akanyamaza. Akaitazama ngoma. "Nimemaliza, le..." Wanyama wakamkatiza:

"Umekosea! Anza upya!"

Akanyamaza. Tumbo likanguruma, ngrrrr.

"Umekosea! Anza upya!"

Mara ya tatu akaziba mdomo kwa mikono miwili, akabana tumbo, akatulia kabisa. Akawa anangoja ti. Pimbi akajitwika ngoma ya bibi yake, polepole, akashika njia ya kwao. Hakuipiga. Fisi anamwona anakwenda, macho yamemtoka, na kusema hawezi. Wanyama nao wakakung'uta vumbi, wakarudi makwao, hawajui wasifu au wazomee.

Funzo lake, watoto: kazi nzuri humwokoa mtunzi. Nani anacheka huko nyuma? Najua ni ule mbovu uliomwokoa! Au ndio uliokuwa mzuri? Aa, msinisumbue. Tungeni nyimbo tamu, na sufuria zangu msiziguse.

Mbona hamwondoki?
— Haijaisha!
Mnangoja nini?
— Piga!
Haya. Ti!