Jinsi Ubovu Ulivyopata Jina Huko Kimbwe

Wakati ninaousimulia, watu wa Kimbwe hawakuwa na neno la kuita ubovu. Si kwamba vitu vyao havikuharibika. Viliharibika kama vyetu, ila adabu iliwakataza kusema. Ndizi ilichoka. Mkeka ulichoka. Hata panya aliyekufa darini, mji mzima umeziba pua, alikuwa amechoka tu.

Tena walikuwa na desturi. Mgeni akiingia nyumbani aliipiga kofi nguzo ya kati na kusema, "Imara!" Ndipo akaribishwe kuketi.

Mashavu aliolewa Kimbwe kutoka milimani, kwa watu wasemao wanachokiona. Asubuhi ya ngoma ya mavuno, akifagia kwa mama mkwe wake, Bi Kirembo, aliona vumbi jekundu chini ya nguzo. Akaigusa. Kidole kikazama.

"Mama, nguzo hii ni mbovu. Tutoke."

"Ni nini?"

"Mbovu. Mchwa wameila, limebaki ganda."

Wanawake waliokuja kupika waliacha miiko hewani.

"Yallah! Mkwe anatukaniwa nguzo yake!"

"Wa milimani huyo, shoga. Unategemea nini?"

"Labda imechoka kidogo," akasema baba mkwe, Mzee Kondo, bila kuitazama.

"Baba, kilichochoka hulala kikaamka. Hii haiamki."

Hakubishana tena. Aliwabeba watoto wawili waliokuwa wamelala mkekani, akatoka nao. Wanawake wakamfuata uani kumsuta, na Mzee Kondo nyuma yao, akiomba radhi kwa kila mtu.

Bi Kirembo alibaki ndani. Akangoja mpaka wote wamtazame kupitia mlangoni, akainua mkono, akaipiga nguzo yake kofi la nguvu.

"Imara!"

Mkono uliingia hadi kwenye kiwiko. Paa likashuka lote, kimya kimya kwanza, kisha kwa kishindo.

Walifukua makuti kwa mikono. Walipomfikia, hakuwa na pumzi, na mkono ulikuwa ungali ndani ya nguzo.

"Pole, Mzee Kondo," jirani akaanza. "Nyumba ilikuwa imechoka..."

"Ilikuwa mbovu!" mzee akapiga ukelele. Wote wakashtuka, kana kwamba amevua nguo. "Mbovu! Mtoto wa watu alituambia!"

Na tangu siku hiyo, mgeni wa Kimbwe haipigi nguzo kofi. Huigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Ikilia utupu husema, "Mbovu," na mwenyeji, hata awe mkwe, hutoka nje kwanza, ndipo anune.